Thomas Willis: Tabibu Aliyeichunguza Mishipa ya Ubongo

Hapa Miyuji, kaskazini ya mji wa Dodoma, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, si jambo geni kusikia kwamba fulani ameamka asubuhi mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki, na ulimi umekuwa mzito. Jana alikuwa mzima akilima shamba lake la uwele, leo ni mtu wa kulazwa mkekani. Basi majirani hukusanyika, na kabla jua halijapanda huwa wameshatoa hukumu: huyu amepigwa na jini, au ametupiwa kitu na mwenye kijicho. Huchomwa ubani, hutafutwa mtu wa kupunga, na siku mbili tatu hupita.

Ndugu mmoja aliyekuwa akihudhuria darsa ili kuichunguza dini alipata kuuliza: ikiwa si jini, mbona upande mmoja tu wa mwili ndio unaokufa, na mwingine ukabaki mzima? Jini gani huyo agawaye mwili wa mtu kwa mstari? Swali hilo ni zuri, na jawabu lake limo katika mishipa ya damu ya ubongo. Na kwa kuwa elimu hufahamika upesi zaidi ikielezwa pamoja na maisha ya mtu aliyeitafuta, leo twasimulia habari za Thomas Willis, tabibu wa Uingereza, ambaye jina lake limebaki juu ya pete ya mishipa iliyo chini ya ubongo wa kila mwanadamu.

KOSA LA MIAKA ELFU NA ZAIDI

Kabla ya kumweleza Willis, hapana budi kueleza hali ya elimu aliyoikuta. Bwana mkubwa wa utabibu wa kale alikuwa Galen, Myunani wa mji wa Pergamon, aliyezaliwa yapata mwaka 129. Galen alikuwa mchunguzi hodari, lakini desturi za zama zake hazikumpa nafasi ya kupasua maiti za watu. Alipasua nyani, nguruwe, kondoo na ng'ombe. Chini ya ubongo wa ng'ombe na kondoo alikuta kimia cha mishipa midogo midogo iliyosukwa pamoja mfano wa wavu wa mvuvi. Akadhani kwamba mwanadamu naye anacho, na kwamba humo ndimo damu inamosafishwa ikawa roho nyepesi itembeayo katika neva na kuupa mwili mwendo na hisia.

Kwa hakika Galen hakusema uongo juu ya wanyama. Hata leo mtu akipasua kwa uangalifu fuvu la mbuzi aliyechinjwa hapa Ugogo, atakiona kimia hicho. Wataalamu wa siku zetu wameeleza faida yake mojawapo: damu ya moto ielekeayo ubongoni hupita humo ikizungukwa na damu iliyopoa itokayo puani, na hivyo ubongo wa mbuzi au swala hauungui anapokimbia juani. Tazama jinsi Muumba alivyomruzuku kiumbe wa nchi kavu kwa kadiri ya haja yake. Ila mwanadamu hana kimia hicho. Kosa la Galen lilikuwa kumpima mtu kwa kipimo cha ng'ombe, na kosa la waliomfuata lilikuwa kubwa zaidi, kwani wao walikubali bila kutazama.

Walakini Mwenyezi Mungu hakuacha zama bila watu wa kutazama. Miongoni mwa Waislamu alitokea Ibn al-Nafis, aliyesoma Dameski na kufanya kazi Kairo hadi kufariki kwake mwaka 1288. Katika sharhe yake juu ya kitabu cha Ibn Sina, aliyoiandika mwaka 1242, alimkanusha Galen aliyesema kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo. Yeye akaeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni, kisha hurejea upande wa kushoto. Huko Italia, Berengario da Carpi alitangaza mwaka 1521 kwamba amekitafuta kimia katika maiti za watu asikione, na Vesalius akakiri vivyo hivyo mwaka 1543. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akathibitisha kwamba damu huzunguka mwilini mwote, hutoka moyoni na kurejea moyoni. Basi mlango ulikuwa umekwisha funguliwa, ila swali moja lilibaki: ikiwa kimia hakipo, damu hufika vipi ubongoni mwa mtu, na huko hugawanywa vipi?

UTOTO NA UJANA WA WILLIS

Thomas Willis alizaliwa tarehe 27 Januari 1621 katika kijiji cha Great Bedwyn, kusini ya Uingereza. Jamaa zake hawakuwa matajiri. Mama yake alifariki Thomas akiwa mtoto bado. Alipokua alikwenda Oxford na kusoma katika chuo cha Christ Church, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1639 na ya pili mwaka 1642.

Mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Oxford ikawa makao ya mfalme, vyuo vikageuzwa kambi na maghala. Mwaka 1643 baba yake Willis alifariki katika homa iliyoenea majeshini. Willis mwenyewe alijiandikisha katika jeshi la mfalme. Lakini vita hivyo vilivyomharibia nyumba vilimletea mwalimu, kwani Harvey naye alifuatana na mfalme akakaa Oxford miaka ile, na vijana wa pale wakaionja njia yake ya kupima kila neno kwa jicho na mkono. Mwaka 1646 mji ulisalimu amri, na mwisho wa mwaka huo Willis akapewa ruhusa ya utabibu.

Mwanzo wake ulikuwa mnyonge. Alikuwa akienda katika masoko ya miji ya jirani kama Abingdon kutafuta wagonjwa, na yasemekana kwamba yeye na tabibu mwenziwe walishirikiana farasi mmoja. Kadhalika serikali mpya ilipiga marufuku ibada za Kanisa la Kiingereza alilokuwa akilifuata. Willis hakuiacha itikadi yake ili apate cheo. Watu wa kanisa lake walikusanyika kusali nyumbani kwake, mkabala na chuo cha Merton, miaka yote ile ya dhiki. Sisi hatukubaliani naye katika itikadi, lakini mtu ashikaye alichoamini kuwa ni haki hali akijua kitamnyima riziki, huyo huheshimiwa na kila mwenye insafu.

MWANAMKE ALIYERUDISHIWA UHAI

Tarehe 14 Desemba 1650 lilitokea jambo lililomfanya Willis ajulikane nchi nzima. Msichana mtumishi wa nyumbani jina lake Anne Greene, wa umri wa miaka 22 hivi, alikuwa ameharibu mimba. Kijusi kilikutwa kimefichwa, na sheria ya wakati ule ilikuwa kali: aliyeficha maiti ya mtoto aliyemzaa nje ya ndoa alihesabiwa kuwa amemwua, isipokuwa athibitishe kinyume chake. Wakunga walisema kijusi kile hakikuwa kimekomaa hata kuweza kuishi. Hawakusikilizwa. Anne alihukumiwa kunyongwa katika uwanja wa ngome ya Oxford.

Alining'inia kiasi cha nusu saa. Rafiki zake walimvuta miguu na kumpiga kifuani ili asiteseke muda mrefu. Kisha aliteremshwa, akatiwa jenezani, akapelekwa kwa William Petty, mwalimu wa upasuaji, ili maiti yake isomeshewe wanafunzi. Petty na Willis walipofika na kufunua jeneza walisikia koo lake likikoroma. Papo hapo waliacha visu vyao. Walimfumbua meno, wakamtia kinywaji cha moto, wakamsugua mikono na miguu, wakamlaza katika kitanda chenye joto. Siku ya pili alianza kunena, na baada ya muda akapona kabisa. Alisamehewa, akaolewa, akazaa watoto.

Leo twafahamu vizuri zaidi kilichotokea. Kamba ya kunyongea huua kwa kuvunja shingo, au kwa kuziba pumzi, au kwa kubana mishipa ya damu ya shingoni. Ubongo hauna akiba. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hupokea yapata sehemu 15 katika 100 za damu itokayo moyoni, na hutumia yapata sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote ya mwili. Damu ikisimama kabisa, mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde kumi hivi, na baada ya dakika chache tu chembe za ubongo huanza kufa. Hapana shaka katika shingo ya Anne kamba haikubana yote, na damu kidogo iliendelea kupita. Sisi twaona katika kisa hiki mafunzo mawili: ya kwanza, jinsi hukumu ya haraka iwezavyo kumwangamiza asiye na hatia, ya pili, kwamba tabibu mwema hutazama kama pana uhai kabla ya kutazama faida yake mwenyewe.

KITABU CHA MWAKA 1664

Ufalme uliporudi mwaka 1660, Willis alifanywa profesa wa elimu ya maumbile huko Oxford. Hapo alikusanya wasaidizi ambao kila mmoja angetosha kuandikiwa makala peke yake. Richard Lower alikuwa na mkono mwepesi wa kupasua. Christopher Wren, ambaye baadaye alijenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London, alichora picha. Willis hakuficha msaada wao. Aliwataja kwa shukrani katika dibaji ya kitabu chake.

Wapasuaji wa kabla yake walikuwa wakikata ubongo tabaka kwa tabaka kutoka juu ungali ndani ya fuvu, na wakifika chini, mishipa ilikuwa imekwisha haribika. Willis na Lower waliutoa ubongo mzima, wakaupindua, wakautazama kutoka chini. Mwaka 1664 kitabu chao kikatoka kwa Kilatini, kikiitwa Cerebri Anatome, yaani upasuaji wa ubongo, na ndani yake mlikuwa na picha ya sehemu ya chini ya ubongo iliyokuwa safi kuliko zote zilizotangulia.

Waliona nini? Mishipa minne mikubwa hupanda kichwani kutoka upande wa moyo. Miwili hupita mbele ya shingo, kulia na kushoto. Ndiyo ile ambayo ukiweka vidole kando ya koo utaisikia ikidunda. Kila mmoja hugawanyika, tawi moja likaenda usoni na jingine likaingia ndani ya fuvu. Miwili mingine hupanda nyuma, ikipenya matundu yaliyo kando ya mifupa ya shingo kama uzi upitao katika shanga. Hii ya nyuma ikishaingia kichwani huungana ikawa mmoja, kisha hugawanyika tena. Chini kabisa ya ubongo, mishipa ya mbele na ya nyuma hushikana kwa matawi madogo ya kuunganisha, hata ikawa pete. Kutoka katika pete hiyo hutoka jozi tatu kuu: ya mbele, ya kati na ya nyuma, nayo huugawia ubongo chakula chake.

Wengine walikuwa wamekwisha kuiona pete hiyo, wote au sehemu yake, na Johann Jakob Wepfer wa Uswisi alikuwa ameandika juu ya mishipa ya ubongo na kiharusi mwaka 1658. Mbona basi imeitwa kwa jina la Willis? Kwa sababu yeye aliuliza faida yake. Alitia maji yenye rangi ya wino katika mshipa mmoja wa shingo, akaona rangi ikienea upande wa pili pia. Akafahamu kwamba pete ni njia ya akiba: upande mmoja ukizibika, upande wa pili huweza kuusaidia.

Na ushahidi mwingine ulimjia mezani. Alipasua maiti ya mtu aliyekufa kwa uvimbe wa tumboni, akakuta mshipa wake mmoja wa mbele, ndani ya fuvu, umekauka na kuziba karibu kabisa. Kwa elimu ya zamani mtu huyo angalikufa zamani kwa kiharusi. Lakini mshipa wa nyuma wa upande ule ule ulikuwa umepanuka kiasi cha mara tatu ya mwenzake. Mwili ulikuwa umejifungulia njia nyingine, na mtu yule hakujua.

DAMU HURUDI KWA NJIA GANI

Damu iliyokwisha tumika haina budi kurudi. Mishipa laini ya kurudishia hukusanya damu kutoka juu na ndani ya ubongo, kisha huimimina katika mifereji iliyomo baina ya tabaka za utando mgumu unaoufunika ubongo. Mfereji mkubwa hupita katikati ya utosi kutoka mbele kwenda nyuma. Huko kisogoni mifereji hukutana, hugawanyika kulia na kushoto, huzunguka nyuma ya masikio, na kutoka katika fuvu kwa mishipa miwili mikubwa ya shingo ishukayo moyoni. Hapo msomaji wa Kurani Tukufu atakumbuka kwamba katika Sura Qaf Mwenyezi Mungu ameeleza ukaribu Wake kwa mwanadamu kwa mfano wa mshipa wa shingo. Mfano huo humwingia zaidi moyoni yule ajuaye kazi ya mishipa hiyo: ni vitu asivyovikumbuka mtu hata mara moja kwa siku, na hawezi kuishi dakika chache bila ya kazi yake.

MIAKA YA MWISHO

Kwenye mwaka 1667 Willis alihamia London kwa mwito wa Askofu Mkuu Sheldon, akawa tabibu mwenye wagonjwa wengi kuliko karibu wote. Mkewe Mary alifariki mwaka 1670, na watoto wake kadhaa walikufa wadogo. Alitambua kwa kuonja kwamba mkojo wa wagonjwa fulani una utamu kama wa asali, akauandika ugonjwa huo ambao sisi leo twauita kisukari. Husimuliwa kwamba fedha alizozipata Jumapili alizitoa kwa maskini, na kwamba aligharimia sala za alfajiri na jioni katika kanisa la jirani, kwa ajili ya watumishi na wafanya kazi wasioweza kuhudhuria mchana.

Hakuwa bila makosa. Aliendelea kuamini kwamba ubongo hukamua roho nyepesi kutokana na damu, na dawa zake nyingi hazina thamani leo. Mwanadamu huona hatua moja mbele, na wengine huendelea kutoka hapo. Alifariki tarehe 11 Novemba 1675, akiwa na umri wa miaka 54, kwa ugonjwa wa mapafu, akazikwa katika kanisa la Westminster.

JAWABU LA SWALI LETU

Sasa turudi Miyuji. Mbona upande mmoja? Kwa sababu kila nusu ya ubongo ina mishipa yake, na nusu ya kushoto huendesha mkono na mguu wa kulia, na ya kulia huendesha wa kushoto. Mshipa wa kati wa kushoto ukizibwa na donge la damu au ukipasuka, mkono wa kulia hulegea, uso huvutwa, na kwa watu walio wengi maneno hupotea, kwani makao ya usemi ni upande huo. Tabibu huweza kutazama kiungo kilichopooza akataja mshipa uliodhurika. Ni nani awezaye kumtaja jini kwa hakika kama hiyo?

Mtu aweza kusema: lakini Willis alifundisha kwamba pete huokoa. Naam, huokoa mara nyingine. Lakini wachunguzi wamekuta kwamba kwa watu wengi pete haikukamilika sawasawa. Tawi moja ni jembamba mno au halipo. Na zaidi ya hayo, pete iko kabla ya matawi. Tawi likizibika mbele ya pete, njia ya akiba ni ndogo sana.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu baina ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, kwamba kila mwaka katika watu 100,000 kiharusi kipya huwapata yapata 109 katika wilaya ya Hai na yapata 316 mjini Dar es Salaam. Na katika uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2008, watu wa Dar es Salaam ndio waliotaja zaidi majini na uchawi, hali watu wa shamba wa Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, mafuta na mawazo. Kwa hiyo asijivune mtu wa mjini kwamba ushirikina ni wa kijijini.

Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha kutafuta dawa, kwani kila ugonjwa umewekewa dawa. Basi mtu akivutwa uso, akishindwa kuinua mkono mmoja, au akivurugika maneno ghafula, apelekwe hospitali saa ile ile. Aangaliwe alianza saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge hufaa katika saa chache za mwanzo tu, na sharti kwanza kipimo cha picha kionyeshe kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Asinyweshwe wala kulishwa kitu, kwani huenda koo nalo limepooza, akapaliwa. Na aliye mzima apime shinikizo la damu, apunguze chumvi, aache tumbaku, aangalie sukari yake. Dua isomwe pia, tena kwa unyenyekevu, lakini isomwe njiani kuelekea hospitali.

Yule ndugu aliyeuliza swali alipoelezwa haya alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba baba yake mzazi aliwekwa nyumbani siku tatu akifukizwa. Hatukuwa na la kumjibu. Wazee wetu walitenda kwa kadiri ya walivyojua. Sisi tuliokwisha kujua tutaulizwa kwa elimu yetu. Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kutazama na moyo wa kukubali kweli, iwe imetoka kwa nani. Amin.